Mwacha Asili ni Mtumwa? Mamwinyi Waliovuka Bahari na Vitabu Walivyotuachia

Utangulizi

Wahenga walituachia usemi kwamba mwacha asili ni mtumwa. Tumeukariri tangu shule ya msingi, tumeuandikia insha, na mara zote tumeuchukulia kuwa ni nasaha ya kawaida ya kumtaka mtu apende kwao. Hebu safari hii tuukamate vizuri na tuuhoji. Anayeonywa hapa ni nani hasa? Mtumwa hakuiacha asili yake. Alikamatwa huko Ubisa au Uyao, akafungwa kamba, akaletwa pwani. Mtu anayeweza kuiacha asili kwa miguu yake mwenyewe, na ambaye neno "mtumwa" linaweza kumtisha, ni muungwana. Kwa hiyo usemi huu, ukiutazama kitabaka, ni waungwana wakionyana wao kwa wao. Mtumwa ametajwa tu ili kumtia muungwana hofu. Yeye mwenyewe hakuulizwa lolote.

Makala haya yanautumia usemi huo kama taa ya kumulikia jambo moja la kihistoria: watu wenye vyeo waliolazimika kuhama kwao, na maandishi yaliyotokana na kuhama huko. Nitaanza mbali kidogo, kwa makabaila wa Ufaransa waliokimbilia Marekani baada ya mapinduzi ya 1789, kwa sababu kisa chao kinajulikana sana na kinafaa kuwa kipimo. Kisha nitarudi kwetu: kwa Sayyida Salme binti Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, kwa ukoo wa Sultani na wenzao walioondoka mwaka 1964, na mwisho kwa Mashomvi wa Mrima, ambao hawakukimbia popote. Hoja yangu ni kwamba mwinyi akivuka bahari hupoteza mashamba lakini mara nyingi hupata kalamu, na kalamu hiyo humfanya awe msimulizi wa nyumba nzima, wakiwemo wale ambao hawakupanda naye chombo. Kazi ya mhakiki ni kuwahesabu upya watu wa nyumba hiyo.

Niseme mapema kwa nini jambo hili linanigusa. Mimi natoka Mlingotini, kusini ya Bagamoyo, ukishapita Kaole. Kwetu jina "Mwinyi" bado wanapewa watoto, na swali la babu wa nani alikuwa nani halijaisha. Nitalirudia baadaye.

Wafaransa: kutoka Versailles hadi zizi la ng'ombe

Usiku wa tarehe 4 Agosti 1789 Bunge la Ufaransa lilitangaza kufuta haki za kikabaila, na mwezi Juni 1790 likafuta vyeo vya kurithi. Kuanzia hapo wakaanza kuondoka, na kadiri kichwa kimoja baada ya kingine kilivyokatwa ndivyo walivyozidi. Inakadiriwa kwamba waliohama nchi kwa ujumla walifika 100,000 au zaidi. Wengi wao, na hili tulikumbuke, hawakuwa makabaila; walikuwa mapadri, wafanyabiashara, mafundi, hata wakulima. Sehemu kubwa walikwenda Uingereza na nchi za Kijerumani. Waliofika Marekani ni wachache, ila ndio waliosimuliwa sana.

Mwaka 1793 kulianzishwa kijiji kando ya mto Susquehanna, jimbo la Pennsylvania, kikaitwa Azilum, yaani makimbilio. Walikata miti, wakajenga nyumba kubwa ya magogo, na inasimuliwa kwamba nyumba hiyo ilikusudiwa malkia Marie Antoinette aje aishi humo. Malkia hakufika, alikatwa kichwa Oktoba mwaka huo huo. Wafadhili wa mradi wakafilisika, na Napoleon alipowaruhusu wakimbizi kurudi, kijiji kikabaki karibu kitupu. Talleyrand, aliyekuwa askofu na baadaye akawa waziri wa mambo ya nje, naye alikaa Marekani kuanzia 1794 hadi 1796 akihangaika na biashara ya ardhi.

Lakini kwa sisi wanafunzi wa fasihi anayetuhusu zaidi ni mwanamke mmoja, Henriette-Lucy Dillon, markizi wa La Tour du Pin. Alikuwa akihudumu katika baraza la malkia. Mwaka 1794 akapanda jahazi la Kimarekani pale Bordeaux pamoja na mumewe na watoto, wakafika Boston, halafu wakanunua shamba karibu na Albany, New York. Baba yake alinyongolewa shingo kwa mashine ya gilotini mwezi Aprili mwaka ule ule, binti akiwa baharini. Huko Albany mama huyu alikamua ng'ombe, akasukasuka maziwa, akatoa siagi na kuipiga chapa ya herufi za ukoo wake kabla ya kuipeleka sokoni. Talleyrand alimkuta siku moja uani na shoka mkononi akikata paja la kondoo. Mwaka 1796 wakarudi Ufaransa. Alianza kuandika kumbukumbu zake mwaka 1820, akamkusudia mwanawe, na kitabu kikachapwa mwanzoni mwa karne ya 20, yeye ameshakufa zamani.

Kisa ni kitamu, na ndiyo hatari yake. Msomaji anaona siagi yenye chapa, anacheka, anampenda mama wa watu, na kusahau kuuliza nani mwingine alikuwa kwenye zizi lile. Kumbe walikuwepo watumwa. Markizi na mumewe walinunua watu weusi wa kufanya kazi pale shambani, na walipoondoka wakawaacha huru. Yeye mwenyewe ameliandika jambo hili, tena kwa uchungu na furaha, na sina sababu ya kutilia shaka wema wake. Ila tuone jinsi lilivyokaa katika usimulizi: uhuru wa watu wale umewekwa kuwa sehemu ya kuaga kwa bibi. Walikwenda wapi kesho yake? Kitabu kimeshapanda meli.

Na kabla hatujawaona Wafaransa kuwa watu wa mbali sana na sisi, tukumbuke Kilwa. Mwaka 1776, miaka 13 tu kabla ya mapinduzi yao, mfanyabiashara wao Morice aliwekeana mkataba na Sultani wa Kilwa wa kuuziwa watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya Kisiwa cha Ufaransa, ambacho leo ni Mauritius. Sukari iliyotiwa katika vikombe vya wenye vyeo wa Ufaransa iligusana na pwani yetu.

Binti wa Mtoni

Sayyida Salme alizaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, Unguja, binti ya Sayyid Said bin Sultan. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria wa Kicherkesi, yaani yeye mwenyewe aliingia kasri lile kwa kununuliwa. Hapa pana fundo ambalo wahakiki wengi hulipita haraka. Kwa sheria na desturi ya nyumba ile, mtoto wa suria ni muungwana kamili na binti mfalme kamili. Kwa hiyo Salme ni mwinyi kwa baba, na kwa mama ni mjukuu wa watu walionyang'anywa mtoto wao.

Wasichana wa kasri walifundishwa kusoma, si kuandika. Salme alijifundisha mwenyewe kwa siri, akinakili herufi za Kurani kwenye mfupa wa bega la ngamia. Ujuzi huo wa kuiba ndio uliomtia matatani. Mwaka 1859, akiwa na miaka 15, alikuwa katibu wa njama za kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao mwingine, Sultani Majid. Njama ikashindwa, na mapigano yakaishia kwenye shamba moja la ukoo lililoitwa, amini usiamini, Marseilles. Barghash akapelekwa Bombay. Salme akasamehewa na Majid, jambo ambalo Barghash hakulisahau.

Kisha akampenda jirani yake Mjerumani, Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg, akashika mimba. Agosti 1866 aliondoka usiku kwa manowari ya Kiingereza iitwayo Highflyer hadi Aden. Huko akajifungua, na mwaka 1867 akabatizwa kwa jina la Emily na kuolewa siku hiyo hiyo. Mtoto yule akafa kabla hawajatulia Ujerumani. Wakapata wengine watatu. Mwaka 1870 Ruete akagongwa na tramu, akafa, na binti wa Sultani akabaki mjane wa miaka 25 au 26 katika mji wa baridi, na lugha ndiyo kwanza anajifunza.

Hapo ndipo anapofanana na markizi na hapo hapo ndipo wanapoachana. Wote wawili walizoea kuhudumiwa na wote wawili walilazimika kutumia mikono yao; Salme alijaribu kujikimu hata kwa kufundisha Kiarabu. Wote wawili waliandika, na wote wawili wanasema waliwaandikia watoto wao. Lakini markizi alikaa ugenini miaka miwili hivi, akarudi. Alipoandika alikuwa kwao, akisimulia taabu iliyokwisha. Salme hakuwa na pa kurudi. Alikuwa ameolewa na Mkristo na amebatizwa, na kwa ndugu zake hilo lilikuwa zito kuliko njama zote za Barghash. Kitabu chake, kilichochapwa Berlin mwaka 1886 kwa Kijerumani, kimeandikwa na mtu aliye nje ya mlango, akiuelezea uani wa nyumba ambayo haruhusiwi kuingia. Ndiyo maana kinaeleza kila kitu: vyumba, mabafu, vyakula, nguo, farasi, sikukuu. Mtu aliye kwao haelezi hivyo.

Lakini tusimwonee huruma mpaka tukaacha kusoma. Katika kitabu hicho imo sura ya utumwa, na ndani yake mwandishi anautetea. Anasema utumwa wa Mashariki si kama ule wa Marekani, kwamba Wazungu hawaelewi. Baadhi ya anayoyasema ni kweli, na baadhi ya lawama zake kwa unafiki wa Ulaya zinastahili kusomwa hata leo. Hata hivyo, ukiweka kando adabu za lugha, yeye ni mwinyi anayetetea nyumba yake. Kama nilivyokwishasema, mama yake alinunuliwa. Salme anampenda mama huyo katika kila ukurasa anaomtaja, na bado haiungi mistari hii miwili. Mimi naona hapa ndipo penye moyo wa kitabu, katika yale mawili aliyoyaandika yeye mwenyewe na hakuyaweka pamoja.

Kuna barua nyingine alizoziandika kuhusu maisha yake ya Ujerumani, ambazo hazikuchapwa akiwa hai. Zilitoka mwaka 1993 kwa tafsiri ya Kiingereza. Anayesoma kumbukumbu za 1886 peke yake anamwona binti mfalme. Anayesoma na barua anamwona mhamiaji: mwenye kuona haya, mwenye njaa ya sauti za kwao, mwenye kutazamwa barabarani kama kitu cha maonyesho. Alifariki Jena mwaka 1924. Inasimuliwa kwamba katika vitu vyake walikuta kifuko cha mchanga wa Unguja.

Meli ya 1885

Sasa tuje Mrima, kwa sababu hadithi ya Salme haikuishia kwenye machozi yake. Mwaka 1875 Barghash, sasa Sultani, alipotembelea London, Salme alikwenda huko kutafuta suluhu naye, akazuiwa na Waingereza. Mwaka 1885 Bismarck akampa nafasi katika meli. Akafika Unguja akidai urithi wake, na wakati huo huo manowari za Kijerumani zikiwa zimetia nanga mbele ya kasri la kaka yake.

Manowari zile hazikuja kwa ajili ya urithi wa mjane. Novemba 1884 Carl Peters alikuwa ameshuka Saadani, akaingia bara na kurudi na karatasi alizoziita mikataba ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami. Ujerumani ilitaka Barghash azikubali, na Agosti 1885 alikubali kwa kulazimishwa na mizinga. Dai la binti lilikuwa fimbo ya akiba tu. Likishindwa moja, litumike jingine. Baada ya Wajerumani kupata walichotaka, Salme akaachwa mikono mitupu. Alirudi tena mwaka 1888, Barghash ameshafariki, akaondoka hivyo hivyo, na miaka mingi iliyofuata aliishi Jaffa na Beirut hadi 1914.

Mtu wa Mlingotini akisoma habari hii hawezi kuisoma kama mtu wa Hamburg. Mwaka 1888 pwani yetu ilikodishwa kwa kampuni ya Kijerumani, vita vya Bushiri bin Salim vikazuka, Bagamoyo ikashambuliwa na kuungua, na Desemba 1889 Bushiri akanyongwa Pangani. Simlaumu Salme kwa hayo. Alikuwa kete, si mchezaji. Nasema tu kwamba huzuni ya mwinyi mmoja aliyehama inaweza kubebwa na meli za watu wengine, na ikishuka pwani haishuki kama huzuni.

Mwaka 1964

Sultani wa mwisho wa Unguja, Jamshid bin Abdullah, alitawala kuanzia Julai 1963 hadi tarehe 12 Januari 1964. Mapinduzi yalipotokea aliondoka kwa meli yake, akakataliwa kushuka Mombasa, akapitia Dar es Salaam, na hatimaye akapelekwa Uingereza. Aliishi Portsmouth zaidi ya nusu karne. Mwaka 2020 ndipo aliporuhusiwa kuhamia Oman, nchi ya mababu zake, na huko alifariki Desemba 2024 akiwa na miaka 95.

Kama ilivyokuwa kwa Wafaransa, tukiwaita wote waliokimbia mwaka ule "mamwinyi" tutakuwa tumesema uongo. Wengi wa waliouawa na waliofukuzwa walikuwa Wamanga wenye viduka vya mashambani, watu waliouza sukari kwa robo na mafuta ya taa kwa kibaba. Hawakuwa na kasri wala mkarafuu. Damu yao haiwezi kufutwa kwa neno "tabaka", na mhakiki wa kimapinduzi asiyelisema hili anaifanya nadharia iwe blanketi la kufunikia maiti.

Waliofika Oman, hasa baada ya Sultan Qaboos kushika utawala mwaka 1970, walifika na Kiswahili. Ukiwasikiliza wazee wa Muscat wenye asili ya Unguja utadhani upo Malindi au Vuga. Hapa usemi wetu unapinduka kabisa: hawa waliambiwa wanarudi kwenye asili, kumbe asili waliyoizoea ilikuwa nyuma yao, ng'ambo. Huko waliitwa Wazanzibari. Unguja walikuwa wameitwa Waarabu. Baadhi waliandika. Ali Muhsin Barwani, aliyekuwa kiongozi wa chama cha ZNP na waziri, alikaa kifungoni Bara kwa miaka 10, akaishia Ghuba, na mwaka 1997 kumbukumbu zake zikachapwa Dubai kwa Kiingereza.

Lakini safari hii, tofauti na wakati wa Salme, upande wa pili nao ulikuwa na kalamu. Mwaka 1978 Tanzania Publishing House ilichapa riwaya ya Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad. Humo tunaliona kasri kutoka jikoni na mashambani, na mbele yetu amewekwa Kijakazi, mtumishi anayemtumikia Fuad kana kwamba utumishi ni sehemu ya mwili wake. Tumezoea kuisifu riwaya hii kwa maudhui yake ya mapinduzi na kuilaumu kwa kuwachora wahusika weusi na weupe kupita kiasi. Mimi napendekeza tuisome sambamba na kumbukumbu za Salme, kama vile watu wawili wanaoieleza nyumba moja. Mmoja anaeleza harufu ya udi, mwingine anaeleza nani aliyefukiza. Hakuna kati yao anayetosha peke yake.

Waliobaki: Mashomvi wa Mrima

Wapo pia mamwinyi ambao hawakuhama, na hawa ndio wa kwetu. Mashomvi, kwa masimulizi yao wenyewe, ni Washirazi waliotoka Barawa na kuteremka pwani wakiishi Kaole, Bagamoyo, Mlingotini, Kunduchi, Mbwamaji na kwingineko. Kwa hiyo wao nao ni wahamiaji wenye vyeo. Uhamiaji wao ndio hati yao ya kutawala. "Tulitoka mbali" maana yake ni "sisi si wa kawaida." Masimulizi yanaendelea kusema kwamba waliposhambuliwa na Wakamba waliomba msaada kwa Pazi wa Wazaramo, akawafukuza maadui, na tangu hapo wakawa wanamlipa ada. Diwani wa Mrima hakuwa mfalme wa kasri. Alitawala kwa karamu, kwa ngoma, kwa ada na heshima, na kwa fungu lake katika biashara ya misafara ya pembe za ndovu.

Wajerumani walipokaza mkono, umwinyi huu haukukatwa kichwa wala haukupanda meli. Ulikauka palepale. Misafara ikachukuliwa, ada zikachukuliwa, wakawekwa maliwali na maakida wa serikali, na mwaka 1891 makao makuu yakahamishiwa Dar es Salaam. Diwani akabaki na jina, mkeka na kaburi la babu yake. Hakuna aliyeandika kumbukumbu za nafsi ya kwanza. Nadhani sababu ni hii: aliyebaki kwao haoni haja ya kueleza.

Tuna kitabu kimoja tu kikubwa, na chenyewe kiliandikwa na mtu aliyeondoka. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, mwandishi mkuu wa Desturi za Wasuaheli, kilichohaririwa na Carl Velten na kuchapwa mwaka 1903, alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili. Akaoa Mjerumani. Mwaka 1905 walipotaka kurudi nyumbani, serikali ya kikoloni ikawazuia Dar es Salaam, naye akarejea Ujerumani, akafia Berlin mwaka 1927. Linganisha na Salme: wote wa pwani, wote waliolewa au kuoa Ujerumani, wote walifungiwa mlango wa kwao kwa sababu ya ndoa. Lakini Salme anaandika "mimi", Mtoro anaandika "desturi". Anaeleza jinsi diwani anavyotawazwa, vyeo vilivyo chini yake, aina za watumwa na kazi zao, na yeye mwenyewe haonekani. Kwa msomaji wa leo huo ni upungufu. Kwangu ni adabu ya muungwana wa Mrima: hajitangazi, anaueleza mji.

Na mtumwa je?

Usidhani hakuna sauti zao. Katika miaka ile ile ya 1860 ambayo Salme aliondoka, msichana wa Kiyao aitwaye Swema alifika Unguja na msafara wa watumwa, akazikwa akiwa hai kwa kudhaniwa amekufa, akafukuliwa na kupelekwa kwa mapadri wa Kifaransa, wale wale waliokuja kufungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868. Padri Horner aliandika kisa chake kwa Kifaransa, na mwaka 1870 kikachapwa Paris. Ndiyo kusema lugha ya markizi iliwahi kubeba na maneno ya Swema, ingawa yamepita mdomoni mwa padri aliyetaka michango. Naye Rashid bin Hassani, Mbisa, aliyekuwa mtumwa katika nyumba ya Bibi Zemzem, mmoja wa jamaa za Sultani, alisimulia maisha yake uzeeni, na yakachapwa London mwaka 1936 katika kitabu kilichohaririwa na Margery Perham.

Maandishi haya ni mafupi, yamepita mikononi mwa wengine, na hayamo katika orodha nyingi za kozi zetu za tawasifu. Tunasema "hayana fani". Jamani, fani ya mtu aliyezikwa hai ni ipi?

Hitimisho

Nimesema nitarudi Mlingotini. Bibi yangu husema, "Sisi ni watu wa diwani." Nilipokuwa mdogo nilijivuna kwa sentensi hiyo. Nilipofika chuo na kusoma sarufi kidogo, nikaanza kuitilia shaka. Hiyo "wa" inafanya kazi gani? "Watoto wa diwani" ni "wa" ya damu. "Ng'ombe wa diwani" ni "wa" ya mali. "Watu wa diwani" ni ipi? Likizo moja nikajipa moyo nikamuuliza. Akanitazama, akaniambia, "Mjukuu wangu, chai inapoa." Nikanywa chai.

Sikusudii kumlazimisha mzee yeyote ajibu. Pengine "wa" ile iliachwa hivyo kwa makusudi, ili watu waliokuwa juu na waliokuwa chini waweze kuzikana, kuoana na kukopeshana chumvi katika kijiji kimoja baada ya vyeo kuisha. Waliovuka bahari hawakuhitaji kifuniko hicho, maana hawakubaki kuishi na waliowaacha, wakaandika wazi. Sisi tuliobaki tuliitia siri yetu ndani ya herufi mbili.

Kwa hiyo jibu langu kwa usemi wa wahenga ni hili. Salme aliiacha asili, na kwa kweli aliteseka, lakini hakuwa mtumwa. Markizi hakuwa mtumwa, wala Jamshid. Watumwa walikuwepo, wana majina, na baadhi ya majina yao tunayo: Jilfidan, Swema, Rashid. Siku tutakapokaa tena kwenye semina kuichambua tawasifu ya binti mfalme, tuanze kwa kuyaandika majina hayo ubaoni.